Mpira wa Kulishia Mtoto Unapoziba

Mtoto asiyeweza kumeza hupata maziwa na dawa kwa mpira mwembamba unaopitia puani, au katika tundu lililotobolewa tumboni. Mpira huo ukiziba, wazazi hushikwa na hofu wakasukuma kwa nguvu. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwani mpira waweza kupasuka.

Kwanza, tazama kama umejikunja. Ule wa puani, angalia alama yake. Ikiwa imesogea, usitie chochote, kwani huenda mpira umeingia njia ya hewa. Mpeleke mtoto hospitali.

Alama ikiwa mahali pake, twaa bomba la sindano la mililita 50, bila ya sindano yenyewe. Bomba dogo lina msukumo mkali mno. Vuta polepole kilichomo, kisha tia maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu. Sukuma na kuvuta taratibu, ungoje dakika 15, urudie. Soda na maji ya matunda havifai: uchachu wake hugandisha maziwa. Kuchokoa kwa waya ni mwiko.

Ukishindwa, au mtoto akikohoa au kutapika, acha, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, asije akakosa chakula na dawa.

Kizibacho mara nyingi ni maziwa yaliyoganda au dawa isiyosagika vema. Basi pitisha maji kabla na baada ya kila mlo na dawa, kwa kiasi alichoagiza muuguzi. Baba naye ajifunze. Mpira hauchagui saa ya kuziba.