TUMBO LIKIUMA KATIKATI YA DAWA ZA TB, USIACHE DAWA KIMYA KIMYA



Katika kutembelea wagonjwa huku Nyatike, kando ya ziwa, tulimkuta mama mmoja aliyekuwa mwezi wa tatu wa matibabu ya TB ya matumbo. Mwanzoni dawa zilimfaa sana. Homa ya usiku ilikwisha, akaongeza kilo. Halafu tumbo likaanza kumsokota kila akila. Linavimba, linanguruma, kisha linatulia. Mama mkwe akamwambia, "Nyathina, dawa hizi ndizo zinakumaliza." Majirani nao wakataja chira. Basi akaacha vidonge bila kumwambia mtu wa kliniki, akanywa miti shamba wiki mbili. Siku alipobebwa kwa pikipiki kwenda hospitali alikuwa akitapika maji ya kijani, na hakuwa ameenda choo siku tatu.

Alipasuliwa, kipande cha utumbo kilichobana kikakatwa. Alirudia dawa, akazimaliza, na sasa anauza omena sokoni. Lakini tulibaki na swali: kama dawa zilikuwa zinamsaidia, mbona tumbo lilizidi?

Ugonjwa wenyewe

TB si ya kifua peke yake. Vijidudu vyaweza kufika tumboni kwa kumeza makohozi, kupitia damu, au kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa. Mara nyingi vinakaa pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, chini upande wa kulia, na hapo vinafanya vidonda. Mwenye TB ya matumbo peke yake, bila ya kifua, hamwambukizi mtu kwa kula naye sahani moja. Msimtenge.

Matibabu kwa kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Katika vituo vya serikali dawa hizo ni za bure.

Shida tatu zinazoweza kutokea

Ya kwanza ni kovu. Umewahi kuona mtoto aliyeungua mkono? Kidonda kinapopona, ngozi hujivuta na kukaza. Utumbo nao ni hivyo hivyo. Kidonda kinapopona, kovu laweza kuubana mpaka chakula kikose njia. Kumbe mama yule hakuumizwa na sumu ya dawa. Ni kidonda kilichokuwa kikipona, kikabana njia. Angefika kliniki mapema, angechunguzwa kabla utumbo haujaziba. Pengine pia kidonda hutoboa utumbo. Hapo maumivu huja ghafla, tumbo likawa gumu kama ubao. Huo ni upasuaji wa haraka, si wa kungoja kesho.

Ya pili ni ini. Dawa za TB zaweza kulichosha ini, hasa kwa mtu anayekunywa chang'aa au busaa. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe, hiyo ni rangi ya rifampisini. Lakini macho yakiwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kutapika na kukosa hamu ya chakula, nenda kliniki siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza vidonge vingine. Daktari anaweza kuzisimamisha kwa muda, halafu azirudishe kidogo kidogo.

Ya tatu inawahusu walio na virusi vya Ukimwi. Sisi wa Homa Bay tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya 2001, mwaka ambao Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV bure katika hospitali ya Homa Bay. Wengi tuliwazika. ARV zimeokoa watu, lakini majuma machache baada ya kuzianza, kinga ya mwili huamka na kupigana kwa nguvu na TB iliyokuwa imejificha. Homa inarudi, tezi zinavimba, tumbo linauma. Mtu anadhani ametupwa nyuma. Mara nyingi daktari hutibu uvimbe huo huku dawa zote mbili zikiendelea.

Tufanye nini?

Mgonjwa asijisimamishie dawa. Anayeamua ni daktari, baada ya kumpima. Akiacha mwenyewe, vijidudu vinaweza kuwa sugu, na matibabu ya TB sugu ni magumu zaidi.

Jamaa wa nyumbani, mpelekeni hospitali bila kuchelewa mkiona:
- tumbo limevimba, hapati choo wala hewa;
- anatapika kila anachokula;
- maumivu makali ya ghafla;
- damu kwenye choo, au choo cheusi;
- macho ya manjano.

Bebeni vidonge vyake vyote na kadi ya kliniki, mseme pia kama ametumia miti shamba. Msifiche, hakuna atakayewafunga.

Tumbo likisokota kidogo tu, ale kidogo kidogo mara nyingi, kama uji, na bado afike kliniki wiki hiyo hiyo. Nasi sote tuchemshe maziwa.

Wazee wetu wanaposema habari za chira, hatuwadharau. Tunawaomba jambo moja: mazungumzo hayo yafanyike baada ya mgonjwa kuonwa na daktari. Tumbo lililoziba halingoji kikao.