Kupima Mapazia ya Nyumba

Mtu apitaye Nkubu, Chuka au Runyenjes huona nyumba nyingi za mabati zenye madirisha makubwa. Nyumba za msonge za wazee wetu hazikuhitaji mapazia, kwa kuwa madirisha yake yalikuwa madogo au hayakuwapo. Lakini Wameru na Waembu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na fedha za kahawa zimejenga nyumba za namna nyingine. Tena, tangu Maendeleo ya Wanawake kuanzishwa mwaka 1952, akina mama wengi wamejifunza kushona katika vyama vyao.

Hata hivyo, wengi hupoteza fedha dukani kwa sababu hupima kioo peke yake. Tuchukue mfano wa dirisha lenye upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 120.

Kwanza, fimbo ya pazia ipite dirisha kwa sentimita 15 kila upande. Basi urefu wake ni sentimita 120. Pazia lisilo na marinda halipendezi, wala halizuii baridi. Kwa hiyo upana wa kitambaa uwe kama mara mbili ya fimbo, yaani sentimita 240. Ikiwa kitambaa cha dukani kina upana wa sentimita 120, vipande viwili vitatosha.

Pili, pima urefu kuanzia kwenye fimbo, ambayo huwekwa sentimita 10 juu ya dirisha, hata sentimita 15 chini yake. Jumla ni 145. Ongeza 20 za upindo wa juu na wa chini, na 5 kwa kuwa kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa. Kila kipande kitakuwa sentimita 170, na viwili ni mita 3 na sentimita 40. Nunua mita 3 na nusu. Kikiwa na maua makubwa, ongeza kidogo ili maua yalingane pande zote mbili.

Kabla ya kukata, fua kitambaa, kianike, kisha ukipime tena. Pima kila dirisha peke yake, maana hata madirisha ya fundi mmoja hayalingani sikuzote.

Katika Juni na Julai, ukungu wa Mlima Kenya ushukapo, kitambaa kizito chafaa zaidi. Lakini jihadharini! Pazia lisikaribie taa wala jiko. Wala msilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Pazia ni la kupamba na kusitiri, si la kuziba hewa.

Basi mama, chukua futi na karatasi, uandike hesabu yako kabla ya kwenda dukani. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi katika jora.