Merikebu Chini ya Mlima Meru

Msafiri atokaye Mnara wa Saa hapa Arusha, akaipita posta kuu na kuifuata Barabara ya Boma, huikuta ile boma iliyojengwa na Wadachi mwaka 1900, ambayo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Na yamkini haimpitikii kwamba katika zama zile barua za nchi hii, hata zilizoandikwa huku bara ambako bahari ni habari ya kusimuliwa, zilibandikwa stempu zenye taswira ya merikebu.

Merikebu hiyo ni Hohenzollern, chombo cha starehe cha Kaizari Wilhelm wa Pili. Katika stempu ndogo chaja kikimwelekea mtazamaji, na katika zile kubwa za rupia kimelala ubavu, moshi ukifuka. Na karakhana ya chapa ya Berlin iliitumia sanamu hiyo hiyo kwa makoloni yote ya Kijerumani, tangu Togo hata Samoa, ikibadili jina la nchi na thamani tu, ambayo kwetu ilikuwa pesa, kisha heller tangu mwaka 1905. Ilikuwa rahisi kuchapa, la shaka hapana, lakini Mmeru au Mwarusha aliyeishika bahasha ile hakuona humo mlima wake, wala mnyama wake, wala mtu wake.

Waingereza nao, waliotoa stempu ya kwanza duniani mwezi wa Mei mwaka 1840 kwa rai ya Rowland Hill, ili mpelekaji alipe mbele badala ya kutozwa mpokeaji, waliweka juu yake uso wa Malkia Victoria, kwa kuwa jicho la mwanadamu huitambua upesi sura iliyoghushiwa. Ada hiyo ya kuweka sura ya mfalme waliieneza katika himaya yao yote. Ndiyo maana stempu za Tanganyika za mwaka 1922 zastahili kutazamwa kwa makini, maana juu yake hamna mfalme, bali kichwa na shingo ya twiga. Kwa maoni yangu hazikuchapwa nzuri kuzishinda katika siku zote za ukoloni. Mwaka 1927 mfalme akarudi.

Baada ya Uhuru watu wenyewe waliingia ndani ya fremu: mwaka 1961 wachuma kahawa, kazi ambayo miteremko ya Meru yaijua vyema, na mwaka 1962, Jamhuri ilipozaliwa, Mwalimu Nyerere ameshika sururu.

Hata hivyo, stempu zinazoihusu Arusha zaidi ni zile za posta moja ya nchi tatu, kwani tangu mwaka 1967 mji huu ndio uliokuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye kuzipanga mezani stempu za ukumbusho za miaka hiyo ataona jambo la insafu kubwa: katika moja Kenya yatangulia, katika nyingine Uganda, na katika ya tatu Tanzania, majina yakipokezana nafasi ili pasiwe na nchi iliyo ya mbele daima. Wachoraji waliilinda adabu hiyo mpaka mwaka 1976, kila nchi ilipoanza kuandika jina lake peke yake, na mwaka uliofuata Jumuiya yenyewe ikavunjika.