MBONI MOJA KUBWA, MOJA NDOGO: MAANA YAKE NINI?

Ndugu wafanyakazi,

Katikati ya jicho mna doa jeusi liitwalo mboni. Hilo ni tundu la kupitishia mwanga. Penye jua hujibana, penye giza hupanuka, na kwa kawaida mboni zote mbili huwa sawa. Zisipolingana yafaa tujue sababu, maana nyingine si kitu na nyingine ni kifo.

Kwanza, wako watu walio hivyo tangu zamani. Yapata mtu mmoja katika kila watano ana tofauti ndogo, isiyozidi milimita 1, na anaona vizuri. Huyo si mgonjwa.

Pili, ziko sababu za kazini. Shambani, mpaliliaji akishika mnanaha kisha akajifuta jicho, mboni yaweza kupanuka na macho kuona ukungu kwa siku kadhaa. Baadhi ya dawa za kuua wadudu hufanya kinyume: zikirukia jicho, mboni husinyaa. Lakini mboni zote mbili zikiwa kama ncha ya sindano, na mtu anatoka jasho na mate na kuhema kwa shida, sumu imekwisha kuingia mwilini. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali mara moja. Kiwandani, kipande cha chuma kikipiga jicho chaweza kuharibu mboni, ikabaki kubwa au ikapoteza uviringo wake. Jicho hilo lisisuguliwe wala kukandamizwa.

Tatu, na hii ndiyo hatari kuu, ni pigo la kichwa. Mtu ameangukiwa na gunia au ameanguka ngazini. Anainuka, anasema hajambo, anarudi kazini. Kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Baada ya saa chache kichwa kinamuuma sana, anatapika, anasinzia, na mboni moja inapanuka wala haijibani ikimulikwa tochi. Maana yake ubongo umesukumwa, nao unabana mshipa wa fahamu unaoongoza mboni hiyo.

Ndugu, dalili ya mboni huchelewa. Msiingoje. Mwenzenu aliyepigwa kichwa akianza kutapika, kusinzia au kusema ovyo, mpelekeni hospitali wakati huo huo. Mnyapara akisema aende nyumbani akalale, mkatalieni. Hata asiyepigwa, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa huku kope imeanguka na mboni imepanuka, naye ni wa hospitali.

Mwisho, kila ajali iandikwe siku ile ile, pamoja na saa na majina ya mashahidi. Bila hayo fidia huwa ngumu kupatikana. Tena mdai miwani ya kukinga macho. Mkataba Nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Tuangaliane macho, tulindane.