Diplome ya asilimia 54 na ndoto ya kuwa injenia ng'ambo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, vijana wetu hupakwa poda nyeupe kichwani na usoni, na nyimbo husikika nyumba kwa nyumba. Siku mbili tatu baadaye poda imekwisha kuoshwa, na wazazi wanaanza kutujia parokiani na swali lilelile: «Mtoto amepata asilimia 54. Anataka kuwa injenia. Kuna mtu anasema atampatia chuo ng'ambo. Tufanye nini?»

Swali hili tunalichukua kwa uzito, kwa sababu tumeona jibu baya linavyoumiza. Familia moja tunayoifahamu iliuza kiwanja chake ili kijana aende kusoma. Aliyewasaidia alileta barua ya kukubaliwa kwa muda wa siku mbili. Kijana alipofika, alikuta shule ya lugha iliyoandika neno «uhandisi» kwenye kibao tu. Alirudi baada ya mwaka mmoja na miezi miwili, bila cheti, na kiwanja kilikuwa kimekwisha kujengwa na wengine. Tunaandika makala hii ili familia nyingine isipite hapo.

Asilimia 54 inasema nini?

Kwanza, tusimdharau mtoto. Katika mtihani wetu wa Serikali, kushinda kunaanzia asilimia 50. Mwenye 54 ameshinda, na diplome yake ni halali. Lakini chuo cha nchi nyingine hakijui hesabu zetu. Kikiona 54, kinaweza kuilinganisha na 54 ya kwao na kudhani ni mwanafunzi wa chini kabisa. Ndiyo maana diplome peke yake haitoshi kumweleza kijana. Tafuteni pia buletini za mwaka wa tano na wa sita, zilizopigwa muhuri na shule.

Katika buletini hizo, angalieni mistari miwili kabla ya yote: hesabu na fizikia. Kijana mwenye 54 kwa jumla, lakini mwenye asilimia 70 katika hesabu, si sawa na yule ambaye hesabu ndiyo iliyomvuta chini. Wa kwanza ana neno la kukiambia chuo. Wa pili anapaswa kusikia ukweli kwa upendo: mwaka wa kwanza wa uhandisi, popote duniani, umejaa hesabu, fizikia na mekanika. Kuna vyuo vinavyompokea kila mtu, lakini hakuna chuo kinachoweza kuziondoa hesabu katika uhandisi. Kinachompokea bila kumpima mlangoni kitampima mwishoni mwa mwaka, karo ikiwa imekwisha kulipwa. Angalieni pia seksyo: aliyesoma umeme au mekanika katika shule ya ufundi ana msingi ambao aliyetoka pedagogia hana.

Maneno yanayotuchanganya

Kwetu, diplome ya Leta ni karatasi ya kumaliza shule ya sekondari. Lakini Uganda, Tanzania na Kenya, «diploma» ni masomo ya miaka miwili au mitatu baada ya sekondari. Kijana wetu akiandika kwenye fomu kwamba ana diploma, ofisi ya kule itamwomba karatasi asizo nazo, au itamweka mahali pasipo pake. Andikeni wazi kwamba ni cheti cha kumaliza sekondari cha Kongo.

Neno la pili ni «ingénieur civil». Katika desturi ya Ubelgiji, ambayo tuliirithi, ni jina la mhandisi wa chuo kikuu, hata akiwa wa umeme au wa madini. Katika nchi za Kiingereza, jina hilo linamhusu tu anayejenga barabara, madaraja na majengo. Tumewahi kumsaidia dada mmoja aliyependa umeme, naye alikuwa karibu kujiandikisha katika ujenzi kwa sababu ya neno hilo.

Njia zilizo wazi kwa mwenye alama ndogo

Njia ya kwanza ni kuanzia nyumbani. Wengi hawapendi kuisikia, lakini mara nyingi ndiyo iliyo bora. Ukifanya miaka ya kwanza, au daraja lote la kwanza, hapa Kongo na kupata alama nzuri, vyuo vya ng'ambo vitaangalia zaidi alama hizo za chuo kuliko asilimia ya mtihani wa Serikali. Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi na taasisi ya ISTA ya Kinshasa vinajulikana, na kwa upande wa Waprotestanti, ULPGL ya Goma inafundisha uhandisi pia. Kijana anaweza kusoma huku anajifunza Kiingereza, kisha akaomba nafasi ya masta nje, akiwa amekomaa na gharama zikiwa za miaka michache.

Njia ya pili ni ya fundi sanifu, katika nchi jirani. Taasisi kama Dar es Salaam Institute of Technology, Chuo Kikuu cha Kyambogo kule Kampala, Technical University of Kenya na Rwanda Polytechnic zina masomo ya ufundi ya ngazi ya kati. Masharti yake huwa mepesi kuliko ya digrii, na anayemaliza na alama nzuri anaweza kuomba kuendelea hadi digrii. Ni safari ndefu zaidi, lakini akikwama katikati, angalau ana cheti cha kazi mkononi. Tanzania pia kuna mwaka wa matayarisho katika Chuo Kikuu Huria, kwa wale ambao alama zao hazikutosha kuingia digrii moja kwa moja. Kabla ya yote, diplome yetu lazima ilinganishwe na vyeti vya nchi husika: Tanzania kazi hiyo hufanywa na NECTA, Uganda na UNEB. Anzeni mapema, maana chuo hakiwezi kuwangojea.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo ulizeni kila chuo swali hili: je, raia wa Jumuiya analipa karo ya mwenyeji au ya mgeni? Kwa familia, jibu lake linaweza kuwa tofauti ya kumaliza au kukatiza masomo.

Njia ya tatu ni Ubelgiji na Ufaransa, ambako lugha si kizuizi. Ubelgiji ya Kifaransa ina milango miwili ya uhandisi. Anayetaka kuwa «ingénieur civil» katika chuo kikuu lazima ashinde mtihani maalumu wa kuingia, na mtihani huo ni wa hesabu. Lakini katika zile zinazoitwa «hautes écoles», masomo ya «ingénieur industriel» hayana mtihani huo. Kwa milango yote miwili, diplome yetu lazima ipewe usawa na serikali ya Wabelgiji wa Kifaransa, na maombi hupelekwa kabla ya tarehe 15 Julai. Jihadharini: usawa unaotolewa unaweza kuwa na mipaka, yaani ukamruhusu kijana kuingia masomo mafupi tu. Usomeni karatasi hiyo neno kwa neno.

Ufaransa, si lazima kuanzia katika shule kubwa za wahandisi. Kuna masomo ya miaka 3 ya teknolojia, yanayoitwa BUT, ambayo yana mazoezi mengi ya mikono. Anayeyamaliza vizuri anaweza kuomba kuingia shule ya wahandisi kwa mlango wa pembeni, pamoja na wale waliopitia njia ngumu. Nafasi za BUT nazo hushindaniwa, kwa hiyo alama za hesabu katika buletini zinarudi kuwa na maana.

Njia ya nne ni ile ya Marekani, kupitia vyuo vya jamii vya miaka miwili. Vingi kati yake havidai alama kubwa za sekondari, bali Kiingereza cha kutosha na uthibitisho wa fedha. Baada ya miaka miwili mwanafunzi huhamia chuo kikuu. Lakini hakuna anayepewa viza kwa sababu amekubaliwa na chuo. Ubalozi huamua wenyewe, na ada zilizolipwa hazirudi.

Je, chuo hiki kinakubalika?

Kuna tofauti kati ya chuo kutambuliwa na programu yake ya uhandisi kukubaliwa. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya serikali ya kufundisha, huku bodi ya wahandisi ya nchi hiyo haijaikubali programu yake. Mwanafunzi humaliza miaka minne au mitano, kisha haruhusiwi kujiandikisha kama mhandisi. Kwa hiyo ulizeni mara mbili: kwanza kwa wasimamizi wa vyuo, kama TCU ya Tanzania au NCHE ya Uganda, kisha kwa wasimamizi wa wahandisi, kama EBK ya Kenya au ERB ya Tanzania. Ufaransa ni CTI, tume iliyoundwa mwaka 1934. Marekani ni ABET. Wengi wao huweka orodha zao kwenye intaneti, na kuzisoma hakulipiwi.

Kuna pia Mapatano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo kwa njia yake nchi hutambuliana digrii za uhandisi. Afrika ya Kusini, Uturuki na India ni miongoni mwa nchi zilizomo. Lakini mapatano hayo hayahusu kila chuo cha nchi hizo, bali zile programu tu zilizokaguliwa. Wakala akiwaambia «India imo», mwulizeni: «Na programu hii, ya chuo hiki, imo?»

Tuseme pia neno juu ya Cyprus ya Kaskazini, kwa kuwa vijana wengi wa Afrika huitiwa huko na matangazo yenye punguzo kubwa la karo. Vipo vyuo vinavyofanya kazi yao. Lakini familia ijue kwamba eneo hilo linatambuliwa kama nchi na Uturuki peke yake. Kabla ya kulipa, waulizeni wizara yetu ya elimu ya juu kama cheti cha chuo hicho kitapewa usawa siku kijana atakaporudi. Swali hili linafaa kwa kila nchi, si hiyo tu.

Wakala, fedha na mdhamini

Si kila wakala ni mwizi. Lakini mjue kwamba vyuo vingi humlipa wakala kwa kila mwanafunzi anayemleta. Kwa hiyo anapokisifu chuo, anaweza kuwa anausifu mshahara wake. Mkimbieni anayeahidi viza, anayetaka fedha ziingie katika akaunti yake binafsi, au anayeshauri kubadili asilimia kwenye diplome. Hili la mwisho tunalisema bila kuzunguka: ni uongo, ni kosa la sheria, na likigunduliwa hata katika mwaka wa nne kijana hufukuzwa. Asilimia 54 ya kweli ina njia zake. Asilimia 74 ya kughushi haina.

Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi anavyopaswa kukaa chini kwanza na kuhesabu gharama. Hesabuni miaka yote, si mwaka wa kwanza tu: karo, nyumba, chakula, bima, vitabu, mwaka wa lugha, na mwaka mmoja wa kurudia, kwa sababu katika uhandisi wengi hurudia. Kama mchango wa parokia unatosha mwaka mmoja tu, tuseme hivyo mbele ya kijana kabla hajapanda ndege.

Na kwa ndugu zetu wa Ubelgiji wanaoombwa kuwa wadhamini: karatasi mnayotia sahihi si salamu za jamaa. Inawafunga kulipa maisha ya mwanafunzi, matibabu yake, na hata gharama za kumrudisha. Msione haya kuuliza kabla ya kusaini, na sisi tulio huku tusiwaite wabaya wakikataa.

Kwa familia zilizokimbia vita, tunaongeza jambo moja dogo. Pigeni picha za diplome, buletini na cheti cha kuzaliwa, mzihifadhi mahali pawili. Karatasi iliyoachwa nyuma huchukua miezi mingi kuipata tena.

Yule kijana tuliyemtaja yuko sasa mwaka wa pili katika taasisi moja ya ufundi hapa nchini. Alama zake za hesabu zimepanda, na jioni anajifunza Kiingereza na wenzake katika chumba cha vijana. Anasema atajaribu tena nje, kwa masta, na safari hii atasoma orodha za wahandisi yeye mwenyewe. Mzazi ambaye ana barua ya chuo mezani na hajui aitegemee au la, aje nayo parokiani pamoja na buletini za mtoto. Tutakaa tuisome pamoja, kabla kiwanja hakijauzwa.