Jiko Banifu Huanzia kwa Mpishi

Jiko banifu ni lile linaloivisha chakula kilekile kwa kuni au mkaa kidogo na kwa moshi hafifu. Haja yake haina ubishi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Hata hivyo, majiko mengi yaliyofanya vizuri maabara yaliishia stoo, kwa kuwa walioyabuni walipima joto na moshi bila kumuuliza mpishi.

Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa kazi ya kubuni jiko ikifanywa ipasavyo: jiko la mkaa lenye kigae cha udongo, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wabunifu, akiwemo Maxwell Kinyanjui, walianzia kwenye jiko la ndoo la Thailand. Lakini kigae kinachojaza jiko zima ni kizito na hupasuka upesi, na umbo la ndoo halikufaa kwa ugali. Ugali unapokaza, mwiko husukumwa kwa nguvu za mabega. Jiko lenye kitako chembamba huyumba, hata kupinduka pamoja na sufuria. Ndipo bati likapewa kiuno katikati na kitako kipana, kigae kikabaki nusu ya juu tu, kikashikiliwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto kupotea. Kwa makadirio ya kawaida, jiko hilo huokoa asilimia 20 hadi 50 ya mkaa ukilinganisha na jiko la bati tupu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mafundi wa jua kali waliweza kulitengeneza kwa nyundo na patasi zao, nao wafinyanzi wakachoma vigae. Fundi anayeuza sokoni husikia malalamiko ya mteja siku hiyohiyo.

Kuni zina masharti yake. Mafiga matatu hayapiki tu. Hutoa mwanga, hupasha nyumba joto, na moshi wake hufukuza wadudu kwenye mahindi yaliyotundikwa darini. Jiko linalotaka kuni zilizopasuliwa vipande vyembamba humwongezea mama kazi ya panga kabla hata ya kuwasha moto. Kwa hiyo mdomo wa jiko upimwe kwa kuni zinazookotwa kweli, na mafiga yake kwa sufuria iliyopo nyumbani. Huko Ethiopia, ambako injera huokwa kwenye kikaango cha karibu sentimita 60, lilibuniwa jiko la Mirt kwa kazi hiyo mahususi.

Jaribio la kweli ni kuliacha jiko nyumbani kwa majuma kadhaa, kisha kutazama mafiga ya zamani. Yakiwa na majivu mapya, jiko halijakidhi haja. Mnunuzi naye asilipe kabla ya kuweka juu yake sufuria yake mwenyewe, kuisukuma kwa mwiko, na kuona kama jiko linatulia.