Singapore na Biashara ya Meli Zinazorudi Palepale

Mlango wa gati la HarbourFront, Singapore, una kikwazo ambacho hakiko majini. Ni waya. Vibanda vinavyowavusha watalii kwenda kisiwa cha Sentosa huning'inia juu yake, na kwa ajili hiyo meli inayozidi kimo cha mita 52 haiwezi kupita. Gati hilo lilipofunguliwa mwaka 1991 hakuna aliyeona tabu. Miaka ikaenda, meli za kitalii zikawa zinaongezwa ghorofa juu ya ghorofa kama majengo ya Kariakoo, na serikali ikalazimika kujenga kituo kingine upande wa Marina South. Marina Bay Cruise Centre ilianza kazi mwaka 2012, ikiwa na nafasi ya abiria 6,800. Haikutosha. Kituo kiliingia katika ukarabati wa dola milioni 40 za Singapore ili kiweze kuhudumia abiria 11,700.

Kwa nini nchi ambayo hata kisiwa cha Pemba kinaizidi kwa eneo ijisumbue kiasi hicho? Fukwe zake, tuseme ukweli, si za kumtoa mtu Diani au Nungwi. Jibu liko katika jambo ambalo watu wa meli wanalijua vyema na wasafiri wengi hawalifikirii: bandari ambako safari huanza na kuishia haivuni sawa na bandari ambako meli hupita tu. Abiria wa bandari ya kuanzia huja kwa ndege, hulala hoteli usiku mmoja au mbili akihofia kuachwa, hula mjini, hupanda teksi, na akishuka hununua zawadi za nyumbani. Meli nayo hujaza palepale mchele, mayai, mboga na mafuta, na hakuna bandari duniani inayouza mafuta ya meli kuishinda Singapore. Mwaka 2019, kabla ya korona, abiria waliopita katika vituo vyake viwili walizidi milioni 1.8.

Korona ndiyo iliyoonyesha biashara hii imesimama juu ya nini hasa. Novemba 2020, mipaka ikiwa bado imefungwa, meli ya World Dream ilianza kuwabeba wakazi wa Singapore kwenda... mahali popote. Ilitoka, ikazunguka baharini, ikarudi. Desemba ikafuata Quantum of the Seas kwa mtindo huohuo. Tiketi zilinunuliwa, na kampuni zikapata uthibitisho kwamba kwa abiria wengi meli yenyewe ndiyo mwisho wa safari.

Disney imelishika somo hilo kikamilifu. Disney Adventure, iliyopangiwa Singapore kuwa bandari yake, inauza safari za usiku tatu na nne ambazo hazitii nanga popote njiani. Historia ya meli hiyo inafaa kusomwa na yeyote anayedhani utalii wa bahari ni biashara ya mteremko. Ilianza kujengwa Ujerumani, ikiitwa Global Dream, mali ya Genting Hong Kong, kundi lililoanzisha Star Cruises mwaka 1993 na kuwafundisha Waasia wengi kupanda meli za starehe. Ilikusudiwa kubeba watu zaidi ya 9,000. Januari 2022 kiwanda kikafilisika, mwenye meli naye akafuata, chombo kikiwa kimekamilika kwa takriban robo tatu. Disney ikakinunua mwezi Novemba mwaka huohuo, kwa bei ambayo magazeti yaliripoti kuwa Yuro milioni 40, fedha kidogo mno kwa chombo cha tani 208,000. Imepunguza abiria hadi kama 6,700. Hata hivyo safari ya kwanza, iliyotangazwa kwa Desemba 2025, ilisogezwa hadi Machi 2026, na waliokwisha kulipa wakabaki na kazi ya kupanga upya likizo na ndege.

Sasa tuje kwenye mfuko wa msafiri. Ukisoma hesabu za kampuni za Royal Caribbean na Carnival utakuta takriban theluthi moja ya mapato haitoki kwenye nauli. Inatoka kwenye vinywaji, kamari, intaneti, picha, masaji na matembezi ya nchi kavu. Nauli inayotangazwa ni chambo, nami sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Chambo nacho kina gharama. Ila anayepanga safari asikae na nauli peke yake kwenye karatasi.

Chukua bakshishi. Royal Caribbean imekuwa ikitoza kama dola 18.50 za Marekani kwa kichwa kwa siku katika vyumba vya kawaida, mtoto na mtu mzima sawasawa. Baba, mama na watoto wawili kwa usiku nne: karibu dola 300, kabla hujanunua hata soda. Juu yake kuna ushuru wa bandari. Tena bei unayoiona tangazoni ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipia na kitanda kisicho na mtu. Chumba kisicho na dirisha ndicho rahisi, na kwa safari ya usiku tatu sioni sababu ya kulipia roshani, kwa sababu utakuwa nje muda wote. Likizo za shule za Singapore, Juni na Novemba hadi Desemba, hupandisha bei, na hizo za mwisho wa mwaka huja pamoja na mvua za pepo za kaskazi.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya haombi viza ya Singapore kwa ziara fupi, lakini hujaza fomu ya kuingia mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Meli ikipitia Penang na Phuket, hizo zimo katika nchi mbili zaidi, kila moja na masharti yake, na kampuni ya meli itakukatalia pale gatini kabla afisa uhamiaji wa Thailand hajakuona. Kwa msafiri Mwislamu, Genting Dream ya Resorts World Cruises, kampuni iliyozaliwa mwaka 2022 baada ya anguko la Genting Hong Kong, ina ithibati ya huduma za halali, jambo linalopunguza maswali mezani.

Hong Kong nayo iliitaka biashara hii. Iligeuza njia ya kurukia ndege ya uwanja wa zamani wa Kai Tak kuwa kituo cha meli, ikakifungua mwaka 2013. Jengo zuri, lakini ncha ile ya ardhi haina stesheni ya treni mlangoni. Mwaka 2023 maelfu ya abiria walishuka hapo na kujikuta kwenye foleni ndefu ya teksi. Singapore iliweka stesheni ya Marina South Pier jirani na kituo chake tangu 2014. Anayelinganisha miji hii miwili aanze na swali la mizigo: nitaifikishaje gatini?

Kwetu Mombasa na Zanzibar meli hizi hufika pia, lakini kama wageni wa mchana. Upande huu wa bahari, Durban ndiyo imejaribu kuwa bandari ya kuanzia, kampuni ya MSC ikipakia abiria pale majira ya joto ya kusini. Unguja wageni hushuka asubuhi, wakazunguka Mji Mkongwe, wengine wakapelekwa mashamba ya viungo kwa ziara waliyoinunua melini. Mwenye mkahawa wa Forodhani huwaona wakipita na kofia zao, wakitazama saa. Chakula cha mchana kinawasubiri melini, na walishakilipia zamani.